Esta Yangu Inanuka, Hainukii: Kutafuta Kosa Liko Wapi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo maabara ya kemia inayahitaji yote: siki hunuka, esta hunukia. Mwanafunzi akija mezani kwangu na testi tyubu mkononi na kusema "mwalimu, inanuka tu", tayari amenipa nusu ya jibu.

Nimekaa kwenye maabara za shule miaka mingi, kwanza Nyanda za Juu Kusini, baadaye pwani, na malalamiko ya jaribio la kutengeneza esta, yaani zao la pombe na asidi, ni yale yale kila muhula. Hapa nazungumzia hasa ethili ethanoeti, esta inayopatikana kwa kuchanganya ethanoli na asidi ya ethanoiki, huku asidi ya salfuriki iliyokolea ikiwa kichocheo. Njia ni mbili. Ile ndogo ni ya testi tyubu: 1 cm³ ya kila kimiminika, matone matatu ya salfuriki, halafu tyubu inasimamishwa kwenye bika ya maji ya moto. Ile kubwa ni 20 cm³ kwa 20 cm³ pamoja na 1 hadi 2 cm³ za salfuriki, kwenye chupa ya kitako cha duara iliyofungwa kondensa wima (bomba la kioo lenye koti la maji ya kupozea), ichemke dakika 30 hadi 45 huku mvuke ukirudi chini.

Kabla ya lolote: usitumie moto wa wazi. Mvuke wa esta hii unaweza kushika moto hata kimiminika kikiwa kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri, yaani hata kikiwa baridi kuliko maji ya friji. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya meza hadi ukutane na kibatari cha jirani. Chemsha maji pembeni, zima moto, ndipo ulete tyubu. Kwa chupa kubwa tumia jiko la umeme lenye sufuria ya maji.

Hainukii, inanuka siki

Mara nyingi esta ipo, ila imefunikwa. Asidi iliyobaki ina harufu kali inayochoma pua, na pua ikishachomwa haisikii kingine. Usinuse mdomoni mwa tyubu. Mimina mchanganyiko kwenye bika yenye 50 cm³ za maji yaliyoyeyushwa sodiamu kaboneti, tikisa polepole, subiri mapovu yaishe. Asidi inageuka chumvi isiyo na harufu, ethanoli inayeyuka majini, na esta inabaki juu kama utando mwembamba wa mafuta. Sasa pepea kwa kiganja kuelekea puani. Harufu ni ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, yenye utamu wa tunda ndani yake. Katika kila tyubu kumi ninazoletewa kwa lalamiko hili, nyingi zinaponea hapa hapa.

Kama bado kimya, angalia chupa ya ethanoli. Tangu wakati wa Korona shule nyingi zimebaki na madumu ya vitakasa mikono, na mtu anaona "alkoholi 70%" anafurahi. Piga hesabu kidogo: ndani ya 20 cm³ za spiriti ya 70%, molekuli za maji ni nyingi kuliko molekuli za ethanoli yenyewe. Na maji ni zao la mmenyuko huu. Ukianza nayo mengi, umeusukuma nyuma kabla haujaanza. Spiriti ya 96% inafaa kwa jaribio la shule. Kavu kabisa ni bora zaidi.

Jamaa yake ni siki ya dukani. Siki ni asidi ya ethanoiki, ndiyo, lakini ya 5%: kwenye 20 cm³ utapata kama gramu moja ya asidi, iliyobaki ni maji. Usipoteze muda nayo.

Sababu ya tatu ni salfuriki. Ama imesahaulika, ama ni ile ya kuzimuliwa iliyowekwa rafu moja na iliyokolea, ama chupa ilikaa wazi ikanywa unyevu wa hewa. Kuipima ni rahisi: weka punje chache za sukari kwenye kigae, dondosha tone moja. Iliyokolea inaifanya sukari kuwa nyeusi kama mkaa ndani ya muda mfupi. Iliyolegea inailowesha tu.

Halafu kuna mwenye haraka, aliyetia tyubu kwenye maji yanayotokota. Esta hii inachemka kwenye nyuzi 77, kwa hiyo kila iliyotengenezwa ilipanda na kwenda zake, chumba kizima kikanukia isipokuwa tyubu yake. Maji ya nyuzi 60 hadi 70 yanatosha, dakika tano hadi kumi.

Asidi ya ethanoiki imeganda

Watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaweza kuruka kipengele hiki. Asidi hii ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi 16.6, kwa hiyo Mbeya au Njombe, mwezi wa Juni, utakuta chupa asubuhi ina kitu kama barafu. Haijaharibika. Legeza kizibo, isimamishe kwenye maji ya uvuguvugu, ngoja iyeyuke *yote*, kisha itikise. Ukichota ile iliyo majimaji tu na kuacha mabonge, umechota sehemu yenye maji mengi, kwa sababu inayotangulia kuganda ndiyo safi zaidi. Usiiweke juu ya moto wala usiigonge kwa kijiti cha kioo. Mvuke wake unawaka na kimiminika chenyewe kinaunguza ngozi.

Mchanganyiko umegeuka kahawia, au mweusi

Njano hafifu isikutie wasiwasi. Rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba salfuriki ilimiminwa haraka au ilizidi. Asidi hii haina kazi ya kichocheo pekee. Hunyonya maji kwa pupa na ikipata joto hubabua ethanoli. Utaratibu ni huu: changanya ethanoli na asidi ya ethanoiki kwanza, tumbukiza chupa kwenye bika ya maji baridi, ndipo udondoshe salfuriki kidogo kidogo huku ukizungusha. Ukisikia chupa inapata moto mkononi, pumzika. Kamwe usianze na salfuriki kisha ukamimina vingine juu yake.

Ikiwa salfuriki haikuchanganyika, inakaa chini kama sharubati, na jiko likianza kuwaka ni ile ya chini inayoungua. Kwa hiyo zungusha hadi mistari ile inayoonekana kama joto juu ya lami ipotee.

Nyeusi kabisa, tena yenye harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa, ni jambo jingine. Hiyo ni gesi ya salfa dioksidi, na joto limepita kiasi. Karibu na nyuzi 140 ethanoli na salfuriki huanza kutoa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 na kuwaka kwa urahisi wa kutisha. Kuelekea nyuzi 170 inatoka gesi ya ethini. Acha hapo. Zima jiko, usifungue chupa, usiongeze maji ndani. Fungua madirisha, toa wanafunzi, mwite fundi wa maabara au mwalimu wa kemia. Chupa ikishapoa, yeye ndiye aamue namna ya kuimwaga.

Inaruka badala ya kuchemka, au mvuke unatoka juu ya kondensa

Kurukaruka kwa ghafla ni kukosa vijiwe. Weka vipande viwili vitatu vya kigae kisichong'arishwa kabla ya kupasha. Umesahau? Zima, subiri ipoe vizuri, ndipo uweke. Kijiwe kikitupwa kwenye kimiminika kilichopata moto, kinaweza kufoka chote kwa mara moja hadi usoni.

Mvuke kutoka juu una sababu tatu, na ya kwanza haina uhusiano na kemia: maji ya bomba yamekatika. Nakumbuka siku moja, shule nisiyoitaja, nilikuwa na madaftari mbele yangu na chupa inachemka nyuma yangu. Nilishtuliwa na harufu ya dawa ya kucha iliyofika hadi ukumbini. Bomba la mpira lilikuwa limelegea kama kamba, kondensa imekauka, na jiko bado linawaka. Bahati hapakuwa na moto wa wazi.

Tangu hapo sitegemei bomba. Ndoo ya lita 20 juu ya kabati, nyingine sakafuni, na mpira unaonyonya kutoka ya juu kupitia kondensa hadi ya chini. Kwa mtiririko wa nusu lita kwa dakika unapata dakika 40, na unaziona kwa macho zikipungua. Maji yaingie upande wa chini wa kondensa na kutokea juu. Ukifanya kinyume, maji yanateremka upande mmoja na kuacha sehemu kubwa ya koti ikiwa na hewa. Hiyo ndiyo sababu ya pili. Ya tatu ni jiko kuwa kali mno: mzunguko wa mvuke unatakiwa uishie theluthi ya chini ya kondensa, si shingoni.

Na wazo lile la "tuzibe juu ili isipotee" lisipite hata kichwani. Chombo kilichozibwa kikipashwa moto ni bomu la kioo.

Matabaka hayaonekani, au kuna uji katikati

Hapa ndipo esta nyingi hufia, baada ya mmenyuko wenyewe kwenda vizuri: wakati wa kuiosha kwenye faneli ya kutenganishia, ile yenye kizibo juu na koki chini.

*Tabaka moja tu.* Ethanoli na asidi zilizobaki zinapatana na maji na vilevile na esta, kwa hiyo zinawaunganisha. Ongeza maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida, 20 cm³ hivi, zungusha, acha itulie. Kwa kawaida mstari unajitokeza ndani ya dakika chache. Ikishatulia kabisa, jaribu kugundua tabaka lipi ni lipi: esta ina densiti ya 0.90, hukaa juu. Kama una shaka dondosha tone la maji. Likipotea kwenye tabaka la chini, la chini ni maji. Na usimwage tabaka lolote hadi zao lako liwe limepimwa kwenye mizani. Nimeona wasichana wawili hodari wakiosha kwa saa nzima maji ya chumvi kwa uangalifu mkubwa, esta yao ikiwa imeshakwenda sinki.

*Uji usiotengana.* Faneli ilitikiswa kama chupa ya maziwa mgando. Ongeza chumvi kidogo, izungushe taratibu kama unayezungusha kahawa kikombeni, kisha iache. Subira ndiyo dawa.

*Tope jeupe.* Hili linawachanganya hata walimu. Mapishi mengi yanasema osha kwa sodiamu kaboneti kuondoa asidi, halafu osha kwa kalisiamu kloraidi iliyoshiba kuondoa ethanoli. Ukifuatisha moja baada ya nyingine bila kitu katikati, kaboneti iliyobaki inakutana na kalisiamu, na unapata kalisiamu kaboneti: chokaa. Inaziba bomba la faneli na kukaa mpakani mwa matabaka kama mtindi. Chuja yote kupitia kifundo cha pamba, rudisha kwenye faneli, endelea. Safari nyingine, osha kwa maji ya chumvi baada ya kaboneti, kisha ndipo kalisiamu.

*Kizibo kimeruka.* Kaboneti na asidi hutoa kaboni dioksidi, na faneli iliyofungwa haina pa kuipeleka. Nina alama darini ya kizibo cha kioo kama ushahidi. Mimina kaboneti kwanza bila kufunga, zungusha hadi mapovu yatulie. Kisha funga, geuza, elekeza mdomo wa bomba mbali na watu, fungua koki mara moja. Sikia "fss". Rudia hadi isiwepo. Bila miwani ya kinga usishike faneli kabisa.

Nimepata kidogo mno

Kwanza tuulizane: kidogo kuliko nini? 20 cm³ za ethanoli kavu na 20 cm³ za asidi ni karibu moli 0.34 na 0.35 (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli). Kwenye karatasi hizo ni gramu 30 za esta. Lakini mmenyuko huu hauendi hadi mwisho. Berthelot na Péan de Saint-Gilles walionyesha Ufaransa tangu 1862 kwamba ukianza na moli moja ya asidi kwa moli moja ya ethanoli, husimama baada ya kufika kama theluthi mbili, kwa sababu esta na maji huanza kurudiana kwa kasi ile ile. Kwa hiyo dari yako ni gramu 20, si 30. Ukitoka na 12 hadi 15 zilizo safi, usione haya.

Chini ya hapo, mtuhumiwa wa kwanza ni kuosha. Takriban gramu 8 za ethili ethanoeti huyeyuka kwenye 100 cm³ za maji. Mtu aliyeosha mara tatu kwa 50 cm³ za maji matupu, kwa nia njema kabisa, amemwaga hadi gramu 12. Zaidi ya nusu ya alichotengeneza. Tumia ujazo mdogo, 10 hadi 15 cm³ kwa mkupuo, na pale unapoweza tumia maji ya chumvi, maana chumvi huifukuza esta majini.

Wa pili ni maji ya mwanzoni: ethanoli yenye unyevu, chupa iliyosuuzwa na kutumika kabla haijakauka. Wa tatu ni muda. Dakika kumi za kuchemsha hazitoshi. Wa nne, viungio vya kioo vinavyovuja, au vizibo vya mpira. Esta hii hutafuna mpira na baadhi ya plastiki. Niliwahi kuweka zao kwenye kikombe cha povu la polistairini kwa dakika moja nikatafute chupa, nikarudi kukuta shimo na meza imelowa.

Ukitaka kuipandisha dari yenyewe, zidisha kiungo kimoja. Ethanoli mara tatu ya asidi huufikisha mmenyuko karibu 90% ya asidi. Ndiyo njia ambayo Emil Fischer na Arthur Speier waliiandika mwaka 1895, na bado inaitwa kwa majina yao. Mimi naipenda kidogo tu kwa ethili ethanoeti: ile ethanoli ya ziada ni kero kuiondoa, na ikiwa bado ipo inavuta esta kwenda kwenye maji ya kuoshea. Kwa esta za pombe ghali, zidisha asidi, kaboneti itaifagia.

Imekauka lakini ina ukungu

Ukungu ni maji. Ongeza kijiko kingine cha magnesiamu salfeti isiyo na maji, ile chumvi ya kukaushia. Ikishikana mabonge yote, bado haitoshi. Punje chache zikianza kuelea huru unapozungusha, imetosha. Ipe dakika 15. Chuja *kabla* ya kukeneka (kuivukiza na kuipoza mvuke wake ili kuisafisha), la sivyo chumvi itaurudisha unyevu chupani ikipata joto.

Themometa haisomi 77

Ukikeneka na kuona inatulia kwenye nyuzi 70 hadi 72, sababu ya kawaida ni kwamba esta inasafiri na wenzake. Pamoja na maji huchemka kwenye nyuzi 70 na kitu, pamoja na ethanoli karibu 72. Rudi ukaoshe kwa kalisiamu kloraidi na ukaushe upya. Kukeneka tena na tena hakutawatenganisha.

Lakini kabla ya kujilaumu, jiulize uko wapi. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na maji yenyewe yanachemka karibu na nyuzi 94. Ethili ethanoeti safi kabisa itachemka huko kwenye 71 au 72. Chemsha maji kidogo uone themometa inasema nini. Ukijua imepungua nyuzi ngapi, utajua pa kuanzia. Ikisoma chini sana na kupanda polepole, angalia kitunguu cha themometa: kinatakiwa kiwe usawa wa mlango wa bomba la pembeni, si juu yake.

Usikeneke hadi chupa ikauke. Acha kama 2 au 3 cm³ chini. Ukiona ufa kwenye chupa, hata mwembamba kama unywele, zima na uache. Kioo hicho hakirudi kazini. Moto ukishika, funika kwa blanketi lililoloana au mchanga, usimwage maji kwa sababu esta huelea na moto utaelea nayo. Usipozimika kwa jaribio la kwanza, toka na watu wote, kisha piga 114 Tanzania au 999 Kenya. Salfuriki ikigusa ngozi, maji mengi ya bomba kwa dakika 20, bila kupaka kaboneti. Ikiingia jichoni, maji hayo hayo na hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yametulia.

Nimebadilisha pombe au asidi, na haitoki

Si kila jozi hukubali. Fenoli na asidi ya ethanoiki ni ndoa ngumu. Pale tumia anhidraidi ya ethanoiki, yaani asidi hiyo iliyoondolewa maji, kama inavyofanyika kutengeneza aspirini. Pombe za tabaka la tatu, zile ambazo kaboni yenye OH imezungukwa na kaboni tatu, salfuriki huzinyang'anya maji kabla hazijawa esta.

Zinazokubali, ni furaha. Asidi ya salisiliki na methanoli hutoa harufu ya dawa ya kuchua misuli. Lakini methanoli ni sumu, isiachwe mikononi mwa wanafunzi bila usimamizi. Pombe ya isoamili na asidi ya ethanoiki hutoa harufu ya ndizi mbivu, huchemka kwenye nyuzi 142, na haiyeyuki sana majini, hivyo kuosha hakukuibii. Kama maabara yako ina mzinga wa nyuki karibu na dirisha, ifanye siku nyingine: hiyo hiyo ndiyo harufu ambayo nyuki hutoa kuitana vitani.